Sura ya Saba: Fimbo ya Njia

Mke wa Mkulima alimwona Inspekta tangu akiwa mbali, na hakuacha kulima. Jembe lilipanda, likashuka. Inspekta alipiga hodi kwenye geti la waya mara mbili, akangoja, akapiga ya tatu.

"Habari za mchana, mama."

"Mume wangu yuko kwenu. Habari mnazo nyinyi."

Shamba lilikuwa refu na jembamba, limebanwa kati ya mto na tuta la zamani la reli. Treni ilikoma kupita juu ya tuta lile miaka mingi nyuma. Reli ziling'olewa zikauzwa chuma chakavu, yakabaki mataruma ya mbao yaliyozibeba na kokoto, na siku hizi watu wa mjini walikuja na kofia zao pana kutembea kilomita kumi na moja kwa raha zao, kutoka Stesheni ya Chini, kupitia handaki lililotoboa kilima, mpaka Stesheni ya Juu. Mvua ikinyesha, maji ya tuta zima yaliteremkia kwa Mkulima.

"Nina swali moja tu," Inspekta akasema. "Hapa nyumbani kuna kitu chochote cha chuma chenye kichwa cha mviringo? Nyundo? Kipande cha bomba?"

"Mlipekua mpaka ndani ya masufuria. Panga mmechukua, sululu mmechukua, mmechukua mpaka viatu vyake vya mpira. Anakaa huko peku kama kuku. Sasa mnataka nyundo."

"Ni kweli alimwambia marehemu kwamba atamzika humo humo handakini?"

"Alimwambia." Mwanamke akauegemea mpini wa jembe, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Na mimi nimeshamwambia mume wangu nitamuua, kila akiniingizia matope ndani. Nifunge na mimi, afande. Pingu si unazo?"

Inspekta alitazama saa yake. Ilikuwa saa sita na robo. Saa kumi jioni Mkulima angesimamishwa mbele ya hakimu na kusomewa shitaka la kuua kwa kukusudia, shitaka lisilo na dhamana. Kesi za namna ile zilichukua miaka miwili, mitatu, kabla ya shahidi wa kwanza kufungua kinywa. Na jalada lililompeleka huko alilifunga yeye mwenyewe, jana, akatia sahihi.

Lilikuwa jalada zuri. Jumanne, saa mbili na dakika chache asubuhi, kikundi cha watembeaji kilimkuta mzee mmoja katikati ya handaki, amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Wote walimwita Bendera, kwa sababu enzi za treni ndiyo iliyokuwa kazi yake, kusimama na bendera. Uzeeni akawa mlinzi wa njia ya watembeaji. Nyayo za viatu vya mpira vya Mkulima zilikutwa kwenye mdomo wa chini wa handaki, mbichi. Mkulima alisema alikwenda alfajiri kuzibua mfereji. Ugomvi wao wa maji ulijulikana na kila mtu, na alipowaona polisi alitimua mbio. Nani angetaka zaidi?

Lakini asubuhi ya leo, Alhamisi, ilifika ripoti ya daktari, na ndani yake mlikuwa na mchoro. Daktari alikuwa amechora jeraha kwa ukubwa wake halisi: duara kamili, pana kuliko kidole gumba, lenye ukingo mkali. Pigo moja la kitu kigumu kama chuma, bapa, cha mviringo. Panga halipigi hivyo. Wala sululu.

Simu ikalia kabla hajafika mbali na geti. Alikuwa Mkuu wake.

"Uko wapi?"

"Njia ya reli, afande."

"Kufanya nini? Mtu unaye, nyayo unazo, mashahidi unao. Au unataka marehemu aje kukupa maelezo?"

"Silaha sina."

"Aliitupa mtoni. Saa kumi nakutaka mahakamani umevaa vizuri. Ukichelewa, jalada litakwenda bila wewe, na mimi na wewe tutaongea."

Simu ikakatwa. Nyuma yake, jembe lilikuwa limeanza tena.

*

Mdomo wa chini wa handaki ulikuwa na kibanda cha mabati kilichopakwa rangi mpya. Ndani mlikuwa na meza, kiti kimoja, saa ya ukutani na kulabu tupu. Nje, juu ya nguzo, palikuwa na ubao wa ishara, upande mmoja mwekundu, wa kufunga njia usiku, upande mwingine kijani, wa kuifungua mchana. Mbele ya kibanda alisimama mzee mrefu, suruali imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa stesheni masta wa mwisho wa njia ile, na hata baada ya miaka yote hiyo hakuna aliyemwita vingine ila Masta. Wastaafu wa reli ndio walioifungua njia kwa watembeaji, na Masta ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao.

"Shikamoo, mzee."

Masta akatazama saa ya ukutani. Salamu ikabaki hewani.

"Nataka kuingia handakini," Inspekta akasema.

"Utasubiri."

"Nasubiri nini? Nina kitambulisho."

"Binti, humo haliingii kitambulisho. Inaingia fimbo." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. "Handaki ni jembamba na limepinda. Ukiwa katikati huoni huku wala kule. Watu wana baiskeli, wana watoto. Kwa hiyo tunafanya kama zamani. Fimbo ni moja tu. Aliye nayo anaingia. Anayefika upande wa pili anaitundika, anayetoka kule anaichukua, anakuja nayo huku. Bila fimbo hakuna njia."

"Jumanne polisi wote waliingia bila fimbo."

"Niliona. Kama ng'ombe."

Inspekta akakaa juu ya taruma lililogeuzwa benchi. Pembeni, kwenye ukuta wa kibanda, kilikuwa kimeegemezwa kibao kikubwa cha maelezo, cha kusimikwa Jumamosi. Kilikuwa na picha ya treni na historia ya njia. Chini kabisa palikuwa na habari za ajali: treni ya abiria iliingia handakini wakati kiberenge, kigari cha mafundi cha kupita relini, kikiwa bado ndani, mafundi wanne wakafa. Sentensi iliyofuata haikusomeka. Mtu alikuwa ameikwangua kwa msumari, herufi kwa herufi, mpaka bati likang'aa.

"Nani kafanya hivi?"

"Nani mwingine? Huyo uliyemfunga. Kila tunachoweka anaharibu."

"Iliandikwa nini?"

"Kwamba ajali ilitokana na kosa la mshika bendera. Uchunguzi ulikwisha, Bendera alifukuzwa kazi, yote yako kwenye kumbukumbu. Sisi tulimhurumia tu uzeeni, tukampa ulinzi."

Inspekta akapiga picha ile sehemu iliyokwanguliwa. Eti Mkulima, aliyekuwa na hasira na mfereji, akakaa chini na msumari kufuta sentensi moja ya historia, akaacha nyingine zote. Akaandika hilo kwenye daftari lake.

"Mzee, nirudie tena. Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema na umeshaandika. Nilifika hapa saa moja. Sikukanyaga nje ya kibanda hiki mpaka watembeaji walipotoka wanapiga kelele."

"Hukumwona Bendera akiingia?"

"Huingia alfajiri kukagua. Siku zote. Fimbo inalala huku chini, anaichukua, anapita."

Kutoka gizani ikasikika kokoto ikilia chini ya viatu. Wakatokea wanawake wawili na mwanamume mmoja, na mbele yao mzee mfupi, mabega mapana, ameshika fimbo nyeusi inayomfika kiunoni. Huyu alikuwa Nyapara. Zamani alisimamia genge la kutengeneza reli; siku hizi alisimamia kibanda cha juu. Alinyoosha fimbo kwa mikono miwili. Masta akaipokea kwa mikono miwili, akaitundika, akahesabu sekunde kadhaa kwenye saa, akaitundua tena na kumpa Inspekta. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

"Ukiiangusha utaiokota kwa adabu," Masta akasema.

*

"Tembea katikati," Nyapara alisema walipoingia. Alikuwa anarudi kibandani kwake, na hakuficha kwamba angependa kurudi peke yake. "Pembeni kuna mitaro. Sitakubeba."

"Bendera ulimfahamu muda mrefu?"

"Ndiyo."

"Mlikuwa marafiki?"

"Mdogo wangu alikuwa kwenye kile kiberenge." Sauti yake ilipiga ukuta ikarudi. "Tulikuwa tumezaliwa wawili tu. Sasa niulize tena kama tulikuwa marafiki."

Inspekta akamulika tochi mbele. Mwanga wa nyuma ulikwisha. Fimbo yake iligonga taruma kila hatua, ko, ko, ko.

"Na bado mlifanya kazi pamoja."

"Yeye chini, mimi juu. Katikati pana handaki."

"Hamkusalimiana?"

"Wewe una maswali ya kijinga, afande."

Walifika mahali penyewe. Vijana wake walikuwa wameacha alama ya chokaa, na viatu vya watembeaji vilikuwa vimeshaifuta nusu. Njia ilifunguliwa tena jana mchana kwa ruhusa yake. Hilo nalo alilitia sahihi. Akachutama, akamulika mitaro, kuta, nyufa kati ya mawe. Vifungo viwili vya shati, ganda la pipi, maji. Hapakuwa na chuma cha mviringo. Aliposimama aliishikilia ile fimbo kujiinua, na Nyapara akatoa mlio wa kukereka.

"Hiyo si mkongojo."

"Jumanne asubuhi ulifika kibandani kwako saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Nilisema."

"Peke yako?"

"Na nani? Umesikia habari ya mdogo wangu ukaona umepata. Haya, andika. Nilimchukia. Miaka thelathini na miwili nimemchukia. Kama ningetaka kumuua ningengoja mpaka magoti yameisha?"

Inspekta aliandika kweli, kwa mwanga wa tochi, huku mzee akimtazama. Chuki alikuwa nayo, nafasi alikuwa nayo. Saa iliyokuwa mkononi mwake ilisema saa saba na dakika arobaini.

*

Walitokea juu, jua likawapiga usoni. Kibanda cha juu kilikuwa pacha wa kile cha chini: meza, kiti, saa, kulabu, na nje ubao wa ishara. Nyapara aliichukua fimbo mikononi mwake bila kuomba, akaitundika, kisha akarudi nyuma hatua moja kuhakikisha imening'inia sawa. Aliyafanya yote hayo huku akilalamika habari nyingine kabisa, kwamba polisi wamemkanyagia maua. Mikono ilijifanyia kazi yenyewe.

Inspekta akaitazama ile kulabu kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema. "Bendera alipoingia kukagua Jumanne, alikuwa na fimbo?"

"Angeingiaje bila fimbo?"

"Akiwa nayo mkononi?"

"Alikuwa nayo mkononi, ndiyo. Unataka aifunge kiunoni?"

"Na ulipofika wewe hapa saa moja na nusu, ilikuwa wapi?"

"Hapo." Nyapara akaonyesha kwa kidevu. "Kwenye kulabu. Nikajua Bendera ameshapita na kukagua. Watembeaji wa saa mbili wakaja, nikawapa, wakaingia."

Inspekta akafungua jalada haraka, akatoa picha. Picha ya tatu, aliyoipiga yeye mwenyewe Jumanne: watembeaji wamesimama nje ya handaki wamepigwa butwaa, na mmoja wao, kijana wa miwani, ameshika fimbo nyeusi. Kwenye daftari aliandika siku ile: *watembeaji sita, mmoja ana mkongojo.*

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo. Mkongojo!" Nyapara akasoma maandishi ya Inspekta, akacheka bila furaha. "Serikali inalipa watu."

"Bendera aliingia chini akiwa nayo. Akafa katikati. Yeye hakufika hapa, lakini fimbo ilifika."

Kicheko kikakatika.

Inspekta akatoa leso, akaitundua fimbo kwa leso, akailaza mezani. Ncha ya chini ilikuwa imevikwa kofia ya shaba, bapa, iliyosuguliwa na miaka. Akaitandaza ripoti ya daktari, akaisimamisha fimbo juu ya lile duara. Shaba ikalifunika duara lote, pasipo kubaki wino nje. Akaigeuza. Kati ya shaba na mti palikuwa na mfuo mwembamba kama uzi, ambao kitambaa cha kufutia hakiwezi kuufikia. Ndani yake palikuwa na kitu cheusi kilichokauka, na unywele mmoja mweupe.

Tangu jana mchana watu walikuwa wakiipokezana. Watoto waliishika. Yeye mwenyewe alikuwa amejiinulia nayo palepale alipofia mtu.

Nyapara alikuwa amekaa kwenye kiti chake bila kujua amekaa. "Unataka kusema mimi," akasema taratibu.

"Nataka kuuliza. Ule ubao hapo nje, nani anaugeuza?"

"Ubao una nini tena?"

"Usiku ni mwekundu, mchana kijani. Nani anaugeuza?"

"Masta. Asubuhi anaugeuza wa chini, anapanda kwa njia ya mbuzi huko juu ya kilima, dakika kumi na tano, anaugeuza huu, anashuka. Jioni vilevile."

"Kwa nini usiugeuze wewe? Uko hapa hapa."

Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini halali kitandani kwa jirani. "Mimi ni nyapara. Ishara ni ya stesheni masta. Siku moja niliufuta vumbi, akanisema mbele za watu mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Hata Bendera alikuwa haruhusiwi, toka ile ajali."

"Jumanne ulipofika?"

"Ulikuwa..." Nje, kivuli cha ubao kilikuwa kimelala juu ya kokoto. "Ulikuwa kijani. Nikadhani amewahi."

"Alikwambia amewahi?"

"Sikumwona. Yeye huja saa mbili kasorobo. Siku ile hakuja kabisa."

"Kwa sababu alikuwa ameshakuja." Inspekta akaizungushia fimbo koti lake. "Swali la mwisho. Kile kibao cha maelezo, nani alikikwangua?"

Nyapara alisugua viganja vyake kwenye magoti. "Bendera. Nilimwona Jumatatu jioni, na msumari. Nikamwambia hata ukikwangua, mdogo wangu hafufuki. Akaniambia, Jumamosi utasikia ni nani aliyeiruhusu treni ile. Nikamtemea mate chini, nikaondoka. Sikutaka kumsikiliza."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Ulikuwa na mtu wako."

*

Watembeaji wanane walikuwa wanasubiri chini, na mmoja alikuwa ameanza kunung'unika. Masta alisimama palepale, mikunjo ya suruali palepale. Inspekta alipotoka gizani na Nyapara nyuma yake, mkono wa Masta ulikuwa umeshanyooka.

"Fimbo."

"Njia imefungwa, mzee."

"Nani kaifunga? Watu wanasubiri. Fimbo."

"Kwanza nisaidie jambo dogo. Jumanne hukutoka hapa kibandani?"

"Sikutoka."

"Ubao wa juu ulikuwa kijani saa moja na nusu. Nani aliugeuza?"

Masta hakupepesa. "Nyapara."

"Mimi?" Nyapara akasogea mbele. "Mimi, Masta? Ambaye hujaniruhusu hata kuufuta vumbi?"

"Basi Bendera. Alikuwa na kiburi siku hizi."

"Bendera alikuwa amelala katikati na kisogo kimepasuka," Inspekta akasema. "Fimbo aliingia nayo yeye. Mtu akaichukua, akampiga nayo, akaifuta, akatoka nayo juu, akaitundika kwenye kulabu, akageuza ubao, akashuka kwa njia ya mbuzi na kuketi kwenye kiti hiki." Akafunua koti. Shaba ikameta. "Mkulima hajui kulabu wala ubao. Yeye angeitupa mtoni, amalize. Mimi pia ningeitupa. Mtu yeyote angeitupa. Wewe kwa nini hukuitupa?"

"Kuitupa fimbo?"

Alilisema kama neno la matusi. Uso wake, ambao mchana kutwa haukuonyesha kitu, ukajaa hasira ya kweli.

"Kulikuwa na watu wa saa mbili kule juu," Masta akasema. "Sita. Wangepitaje?"

Yule mtembeaji aliyekuwa akinung'unika alinyamaza. Masta akasikia mwenyewe alichosema; aliinua mkono kana kwamba angeweza kukizuia, kisha akaushusha na kuunyoosha mkunjo wa suruali yake.

Nyapara akauliza kwa sauti ndogo. "Na siku ile? Siku ya mdogo wangu. Treni iliingia na fimbo?"

Masta akaunyoosha mkunjo wa pili.

"Masta. Nakuuliza. Iliingia na fimbo?"

"Ilikuwa imechelewa dakika arobaini," Masta akasema, akiitazama saa ya ukutani. "Makao makuu walikuwa wanapiga simu. Kiberenge kilitakiwa kiwe kimeshatoka. Mara moja tu. Katika maisha yangu yote, mara moja."

"Na Bendera?"

"Nilimwambia Jumanne tuyaache. Tumezeeka. Akasema Jumamosi, mbele ya watu wote." Akamgeukia Inspekta, kwa ukali uleule wa kwanza. "Funga, basi. Lakini huwezi kuondoka mdomo wa handaki ukiwa kijani na fimbo haipo. Niache nigeuze ubao."

"Hapana," akasema Nyapara.

Akaenda mwenyewe kwenye nguzo. Alisimama mbele yake kidogo, akajifuta viganja kwenye shati. Kisha akaushika ubao kwa mikono yote miwili, akaugeuza. Ukalia kwa kutu, ukawa mwekundu. Pingu zilipofungwa, Masta alikuwa hatazami mikono yake. Alikuwa anatazama kama ubao umekaa sawa.

*

Saa tisa na dakika ishirini Inspekta alimpigia Mkuu.

"Usimpeleke mahakamani."

"Umerukwa na akili? Gari limeshawashwa."

"Lizimwe. Ninaye aliyeua, silaha ninayo, na mashahidi wanane waliosikia akisema kwa kinywa chake."

"Na jalada ulilofunga jana?"

"Lilikuwa na makosa. Yangu. Nitaandika hivyo."

"Utaandika," Mkuu akasema. "Na mimi nitaandika yangu." Akakata.

Geti la waya lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha. Mke wa Mkulima alikuwa amefika mwisho wa tuta lake, anaanza lingine.

"Mume wako anarudi leo," Inspekta akasema. "Hakuua. Nilikosea mimi."

Jembe likasimama juu, likashuka taratibu. Mwanamke hakusema asante, na Inspekta hakuingoja.

"Na viatu vyake?"

"Vitarudi pia."

"Vyote viwili," mwanamke akasema, akainama, akaendelea kulima.